MOTO ULIO SAWA KOTE
Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Siku ya Kukutana



 Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme machache, alinitajia kichwa cha maneno: "Faida ya Elimu Katika Utumishi wa Umma." Nilikaa nacho wiki mbili. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta naandika maneno ambayo ninyi nyote mmekwisha kuyasikia, tena kwa watu wanaoyasema vizuri kuliko mimi. Basi nikamwomba Katibu anisamehe, nizungumzie jambo dogo ninalolijua: namna ya kuipasha moto bodi ya saketi ili ipate joto sawa kote. Naona vijana wanatabasamu. Vumilieni kidogo. Ndani ya jambo hilo dogo kuna kosa nililolitenda nikiwa mtumishi wa serikali, na nimekuja hapa kulisema.

Niliondoka shuleni hapa mwaka 1999 baada ya kumaliza kidato cha sita. Mwaka wa mwisho nilikuwa kiranja wa jiko. Wenzangu wa wakati ule wanakumbuka ugali wa siku ile kuni zilipokuwa mbichi: katikati ya sufuria umeungua, pembeni bado ni uji. Mimi kiranja ndiye niliyepigiwa kelele bwaloni. Mpishi wetu, mzee mwenye maneno machache, aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, moto mwingi si kitu. Moto ulio sawa ndio unaopika." Nilidhani ananifariji tu. Ilinichukua miaka kumi na saba kumwelewa.

Nilipomaliza Chuo Kikuu mwaka 2004 niliajiriwa serikalini, na baada ya vituo viwili vitatu nikapelekwa kwenye karakana ya kutengeneza vifaa vya hospitali. Kazi yetu ni kupokea mashine zilizoharibika kutoka hospitali za wilaya, kuzitengeneza na kuzirudisha. Mwaka 2016 tuliletewa inkubeta, yaani ile mashine ya kumtunzia joto mtoto njiti. Hospitali iliyoileta ilikuwa na inkubeta hiyo moja tu. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ilisoma joto la uongo. Ndani nyuzi 33, yenyewe inaonyesha 36.

Niliipima siku mbili, nikaona kosa liko kwenye chipu moja katika bodi ya kuongozea joto. Bodi yenyewe ilikuwa na ukubwa kama wa daftari lenu la mazoezi, sentimeta 20 kwa 15, na chipu ile ilikuwa imelehemiwa kwa tumbo lake lote juu ya shaba pana iliyofichwa ndani ya bodi. Chipu mpya nilikuwa nayo. Shida ilikuwa kuing'oa ile ya zamani.

Hapa niwaeleze vijana shida hiyo, kwa maana ndiyo asili ya habari yote. Bodi hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, na ndani yake mnapita matabaka ya shaba. Epoksi na kioo hupitisha joto kwa shida sana. Shaba hulipitisha kwa wepesi mno, zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo ukiweka pasi ya kulehemu mahali pamoja, shaba iliyo chini hulinyonya joto na kulitawanya, na lehemu haiyeyuki. Lehemu hiyo mafundi wengi tunaiita risasi, hata pale ambapo haina risasi ndani yake. Ya zamani, yenye bati na risasi kwa kipimo cha 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za sentigredi. Hii mpya isiyo na risasi, ambayo imeenea tangu sheria yake ya nchi za Ulaya ilipoanza kutumika mwaka 2006, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Bodi yangu ilikuwa na hiyo mpya.

Dawa yake inajulikana: ipashe bodi nzima kwanza, kwa chini, taratibu, mpaka ifike nyuzi 100 hivi au 130. Halafu ongeza hewa ya moto kwa juu, mahali pale tu penye chipu. Badala ya kulipandisha joto la mahali pale kutoka 28 mpaka 220, hatua 192 kwa mshindo mmoja, unalipandisha kutoka 130, hatua 90 tu. Mama zetu wa pwani hufanya hivyo hivyo wanapopika wali: maji yakikauka hupunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Moto wa chini unaweka msingi, moto wa juu unamaliza kazi.

Mimi nililijua hilo. Nililisoma. Lakini karakana haikuwa na kifaa cha kupashia, na hospitali ilikuwa inapiga simu kila siku. Basi nikachukua jiko la umeme la koili, lile la kuchemshia chai ofisini, nikaweka wavu juu yake, nikaweka bodi juu ya wavu. Nilijiambia, moto ni moto.

Ndugu zangu, moto si moto. Koili ya jiko ni duara linalowaka mwekundu hapa na kuacha pengo pale. Sikuwa nimepima kitu chochote. Katika dakika ya nne nilisikia mlio mdogo kama wa bisi, nikanusa harufu, na nilipoiinua bodi ilikuwa imepinda kama kigae. Upande mmoja ulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la koili, na soketi mbili za plastiki zilikuwa zimelainika na kulala. Upande wa pili lehemu haikuwa imetikisika hata kidogo.

Baadaye niliirudisha koili ile mezani nikaipima kwa themokapo, ule waya wa metali mbili unaotoa umeme mdogo kadiri ya joto. Juu ya duara la koili nilipata nyuzi 240. Sentimeta nane kutoka hapo, 110. Epoksi ya kawaida hulainika kwenye nyuzi 130 au 140 hivi. Kwa hiyo nusu ya bodi ilikuwa imelainika na nusu ilikuwa bado ngumu. Tena kila kitu kikipata joto hutanuka: bodi ya sentimeta 20, upande mmoja ukiwa na nyuzi 100 zaidi ya mwingine, pande hizo zitapishana kwa karibu theluthi ya milimita. Mtaona ni kidogo. Lakini mahali ambapo miguu ya chipu imepangana kwa nusu ya milimita, theluthi ni mbali sana. Na huko ndani, yale matundu madogo yaliyopakwa shaba ili kuunganisha matabaka, hukatika kama uzi, kwa sababu bodi hutanuka kwa unene wake zaidi kuliko kwa upana wake.

Bodi ilikuwa imekufa. Nikaketi kuandika taarifa.

Vijana, sikilizeni taarifa niliyoandika. Niliandika hivi: "Bodi ya kuongozea joto imeungua. Haitengenezeki. Inashauriwa inunuliwe mpya." Hakuna neno hata moja la uongo katika sentensi hizo tatu. Nilikuwa nimefundishwa uandishi mzuri katika shule hii hii, na niliutumia uandishi huo kuficha mkono wangu. Mkuu wangu wa kazi alitia sahihi. Bodi mpya iliagizwa ng'ambo, nayo ilichukua miezi minne na nusu kufika.

Nilipoirudisha mashine, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alinipokea kwa heshima. Alikuwa mama wa makamo, karibu kustaafu. Alinipa kiti, akaniuliza polepole, "Injinia, ile bodi iliunguaje? Ilipotoka kwangu ilikuwa inadanganya joto tu. Haikuwa na harufu ya kuungua."

Nikamjibu, "Mambo ya umeme, mama."

Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu." Kisha akanionyesha namna walivyopitisha miezi ile. Watoto walikuwa wamefungwa kwa khanga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa ule utaratibu unaoitwa kangaruu, ambao ulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na ambao ni mzuri kwa kweli. Lakini alieleza kwamba wapo watoto wasioweza kutunzwa hivyo, ama mama ni mgonjwa, ama mtoto mwenyewe hali yake haikuruhusu, na hao walipelekwa hospitali ya mkoa kwa gari, kilomita nyingi, usiku na mchana. Aliyasema hayo bila kunilaumu. Sikuthubutu kumwuliza safari ngapi, wala wangapi walifika. Nilimwaga nikaondoka.

Miezi saba baadaye, mwaka 2017, tuliletewa inkubeta nyingine ya aina ile ile, kutoka wilaya nyingine, yenye ugonjwa ule ule. Nilipoifungua na kuiona chipu ile imekaa mahali pale pale, mikono ilinitetemeka. Nikaifunga tena. Nikamwambia mkuu wangu, "Ndugu, hii siigusi mpaka nipate moto ulio sawa." Akanipa wiki tatu.

Basi nikaanza kutafuta elementi. Nawaeleza nilivyozijaribu, kwa sababu kila moja ilinifundisha kitu, na huenda mmoja wenu akahitaji.

Ya kwanza ilikuwa pasi ya nguo. Niliigeuza uso juu. Ndani ya pasi elementi imepindwa kama herufi U na kuzamishwa ndani ya alumini nene. Na kwa sababu alumini hupitisha joto vizuri, uso wa pasi una joto karibu sawa kote. Hapo nikagundua kwamba usawa hautoki kwenye elementi. Unatoka kwenye chuma kinene kinachoupokea moto na kuugawa kabla haujafika kwenye kitu unachokipasha. Mpishi wetu angeniambia hivyo bila kuvunja pasi. Lakini uso wa pasi ni mdogo na una ncha, na themostati yake ni ya kuruka: niliiweka kwenye nukta mbili, ambazo ni kama nyuzi 150, nikaona ikipanda mpaka 175 na kushuka mpaka 130, ikizunguka hivyo mchana kutwa.

Ya pili ilikuwa taa za halojeni za jiko la kuotea baridi. Hizi huwaka mara moja na kuzimika mara moja, jambo zuri. Lakini mwanga wake ni wa mawimbi mafupi, kama elfu moja ya milimita, na mwanga huo hupokelewa kwa upendeleo: kitu cheusi huunywa, kitu king'aacho huurudisha. Nilipima bodi mbovu chini ya taa hizo. Chipu nyeusi ilikuwa na nyuzi 170, na bodi ya kijani iliyo jirani yake ilikuwa na 105. Halojeni ilikuwa inachagua nani apate joto.

Ya tatu ni elementi za kauri. Hizi ni vigae vyenye waya wa nikromu ndani yake, na kimoja cha kipimo cha kawaida ni milimita 245 kwa 60. Haziwaki kwa mwanga; hutoa miali ya infraredi ya mawimbi marefu, ambayo epoksi, plastiki na kauri zote huipokea vizuri bila kujali sana rangi. Mashine nyingi za viwandani za kupashia bodi kwa chini zinatumia hizi. Kwa haki niseme: kama ningekuwa na bodi kubwa kubwa, ningezichagua. Lakini zinataka zipangwe kadhaa, zikae mbali kidogo na bodi, na nyuma yake pawe na bati la kurudisha miali. Nami nilikuwa na wiki tatu.

Ya nne ni mikeka ya mpira wa silikoni yenye waya ndani. Ni bapa, inalala vizuri, na joto lake ni sawa. Kwa kazi za joto la chini, kama kukausha bodi iliyoingia unyevu, sijaona bora kuliko hiyo. Lakini mpaka wake ni nyuzi 200 hivi, na hesabu yangu ilinionyesha kwamba nitalitumia bamba kwenye 190. Sikutaka kuishi mlangoni mwa hatari kila siku.

Ya tano ndiyo niliyoichukua: elementi za fimbo. Ni vijiti vya chuma vyenye unene wa milimita 10, ndani yake umo waya wa nikromu uliozungukwa na unga wa magnesia, unaopitisha joto lakini haupitishi umeme. Hutumiwa katika mashine za kufunga plastiki na za kumimina plastiki kwenye kalibu, na ndiyo sababu zinapatikana mjini. Nilinunua nne, za wati 200 kila moja. Mafundi chuma wa karakana ya jirani wakanitobolea bamba la alumini la sentimeta 30 kwa 20, unene sentimeta 2, matundu manne yenye kubana. Kubana ni sharti: fimbo ikilegea ndani ya tundu, hewa iliyo katikati huzuia joto lisitoke, na fimbo hujiunguza yenyewe.

Vijana wa kidato cha tatu na cha nne, fanyeni hesabu hii jioni ya leo. Bamba hilo lina uzito wa kilo 3.24. Kila kilo ya alumini inataka jouli 900 ili ipande uzi mmoja. Kuipandisha kutoka nyuzi 30 mpaka 150 ni karibu jouli 350,000. Kwa wati 800, hizo ni dakika 7 na sekunde chache. Mimi nilipata dakika 11, kwa sababu joto lingine lilipotea hewani. Hesabu ya darasani haikunidanganya. Ilinionyesha ni kiasi gani kinachopotea, na kwamba nitafute kinapotelea wapi.

Kilikuwa kinapotelea pembeni. Nilipima mahali tisa juu ya bamba: katikati 152, kwenye pembe 131. Ni jambo la maumbile: katikati ina majirani pande zote, pembe imekaa upepo pande mbili. Nilifanya mambo mawili. Kwanza nikazizungushia kingo za bamba sufi ya mawe. Pili nikazibadilisha fimbo: zile mbili za nje nikaweka za wati 250, zile mbili za ndani za wati 150. Jumla ni ile ile 800, ila mgawo umebadilika, aliye pembezoni anapewa zaidi kwa sababu anapoteza zaidi. Nikapima tena: katikati 151, pembe 145. Hapo nikajua nimefika.

Kumbe sikuwa nimefika. Bodi haiwezi kulala juu ya bamba, kwa sababu chini yake nako kuna vitu vimelehemiwa. Nikaisimamisha juu ya vijiti vya milimita tano. Bamba likiwa kwenye 150, bodi mbovu niliyoiweka ilifika 70 ikakataa kupanda. Nilikaa usiku mzima nikitafuta kosa kwenye waya. Asubuhi nikakumbuka somo la mwalimu wetu wa fizikia katika maabara ile pale, na birika zake mbili, moja inang'aa na nyingine imepakwa masizi, na swali lake: ipi itapoa mapema? Bamba langu lilikuwa limesuguliwa likang'aa kama kioo. Alumini inayong'aa hutoa miali kidogo sana. Nikanunua kopo la rangi nyeusi ya kuvumilia moto, ile inayopakwa kwenye bomba la moshi la pikipiki, nikalipaka. Bamba lile lile, joto lile lile, bodi ikapanda mpaka 95. Nikaifunika kwa bati jepesi mfano wa kawa, lenye tundu mahali pa kufanyia kazi, ikafika 115. Nikaliongeza bamba mpaka 190, bodi ikatulia kwenye 130, na tofauti kati ya pembe na katikati haikuzidi nyuzi 8.

Usalama nao sikuuacha. Bamba limeungwa na waya wa ardhini. Themokapo inaongoza swichi ya umeme. Lakini swichi hizo zikiharibika hupenda kuganda zikiwa zimewaka, kwa hiyo nimefunga na fyuzi ya joto ya nyuzi 240 ambayo haimtegemei mtu wala kifaa. Ikikatika, moto unazimika.

Siku ya kuifanyia kazi inkubeta ile ya pili, nilianza usiku uliotangulia. Chipu za plastiki hunyonya unyevu wa hewa, na ukizipasha ghafla maji hugeuka mvuke na kuzipasua; ule mlio wa bisi niliousikia mara ya kwanza ndio huo. Basi nikaikausha bodi kwenye nyuzi 90 mpaka asubuhi. Kisha nikaipandisha taratibu mpaka 130, nikaiacha itulie, nikaleta hewa ya moto kwa juu. Chini ya dakika moja lehemu ikang'aa, nikainua chipu kwa koleo kama mtu anayenyanyua punje ya wali. Nikasafisha, nikaweka mpya, nikaizima na kuiacha ipoe yenyewe. Bodi haikupinda. Jioni inkubeta ilisoma 36, na vipimajoto vyangu viwili vilisoma 36.

Wenzangu karakanani walishangilia. Mimi nilikuwa na taarifa ya kuandika, na mara hii kalamu ilikuwa nzito. Nisingeweza kueleza kifaa kile kimetokea wapi bila kueleza kwa nini nilikihitaji. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio changu kilikuwa maneno ya yule mama: "Haikuwa na harufu ya kuungua." Niliandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa juu ya bamba. Wa pili ulianza hivi: "Bodi iliyoharibika mwaka jana iliunguzwa na mimi, mezani kwangu, kwa kutumia kifaa kisichofaa na bila kupima." Nikaupeleka kwa mkono wangu.

Nilipewa barua ya onyo, nayo imo katika jalada langu mpaka leo, na kupandishwa cheo kulichelewa. Ilikuwa haki. Lakini kwa sababu ya ukurasa ule wa pili, ofisi iliuliza kwa mara ya kwanza ni bodi ngapi nyingine zilizoandikwa "imeungua, haitengenezeki." Zilikuwa nyingi kuliko zangu. Hatukuwa mafundi wabaya. Tulikuwa mafundi wenye koili za chai, na kila mmoja aliificha aibu yake peke yake. Mwaka uliofuata karakana ilinunua kifaa kamili cha kupashia kwa elementi za kauri. Bamba langu limebaki kwa kazi ndogo ndogo.

Nilimpelekea pia yule muuguzi barua. Alikuwa amekwisha kustaafu. Alinijibu kwa mkono, mistari minne, na mstari wa mwisho ulisema: "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja."

Ninyi vijana, sina nasaha kubwa. Mtakuwa watumishi, wengine katika ofisi zenye koili za chai tu. Hamtalaumiwa kwa kukosa kifaa. Lakini pimeni kabla ya kuwasha, na mkiunguza, andikeni nani ameunguza. Taarifa inayoficha mkono wa mwandishi humnyima mwenzake dawa.

Kwa wenzangu wa zamani nina ombi moja. Katika gari langu nimeleta bamba dogo, sentimeta 15 kwa 15, fimbo mbili, na themokapo zake tisa. Nalikabidhi kwa maabara ya fizikia. Upande mmoja umepakwa rangi nyeusi na upande wa pili unang'aa, ili swali la birika mbili liendelee kuulizwa. Ila maabara haina kipimio cha kusomea themokapo tisa kwa pamoja, na soketi mbili kati ya tatu zilizo ukutani hazina waya wa ardhini. Nimeziona asubuhi ya leo. Soketi hizo zisituonee haya mpaka mwaka ujao. Wapo hapa wahandisi, wafanyabiashara na wakuu wa idara. Tuchangie kabla hatujaondoka.

Yule mzee mpishi wetu, naambiwa, alifariki mwaka 2011. Sikupata kumwambia kwamba nimemwelewa. Nawaambia ninyi badala yake.